Watu wa Rangi ya Chungwa

Harufu ya mkaratusi uliovunjika ikichanganyika na petroli hainiishii puani. Hunishuka mpaka magotini. Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya pikipiki nikipanda Kacyiru, na kando ya barabara wafanyakazi walikuwa wanapunguza miti kwa msumeno wa mota. Nikamgonga motari, dereva wake, begani, nikamwomba asimame.

"Umeangusha kitu, dada?"

"Hapana. Nanusa tu."

Alinitazama, akazima injini, akaniacha nisimame pale na helmeti kichwani, nikivuta hewa kama mbuzi aliyefikishwa soko geni. Nimezunguka sana katika maisha yangu. Nimefua matandiko ya nyumba za wageni Mwanza, nimeuza chai Rusumo kwa madereva wa malori, nimepika kwenye kambi ya wajenzi wa barabara, na shule niliiacha kabla haijanichoka. Lakini harufu ile ikinikuta popote, huwa nimerudi kwenye kona moja ya vumbi nje ya Kigali, mtoto wa kike mwenye magoti ya majivu, nikipiga kelele mkononi mwa mwanamke niliyeamini ameniletea kifo.

Baba yangu, fundi Asumani, alikuwa akishona viti vya magari Nyamirambo. Chumba chake cha kazi kilinuka gundi, sponji na ngozi bandia, na sisi tulilala chumba cha nyuma yake, kwa hiyo hata ndoto zangu zilinuka gundi. Alikuwa mtu mpole, mwenye furaha moja kubwa: mbio za magari. Mteja mmoja aliyehama alimwachia kaseti za video za mbio za zamani za Ulaya, na jioni, kazi ikiisha, Baba aliweka kaseti, akapunguza sauti ya mtangazaji ambaye lugha yake hatukuielewa, akatangaza mwenyewe kwa Kiswahili.

Ninyi wa rika langu mliokulia mitaa ile mnajua jinsi nyumba zetu zilivyokuwa wakati huo. Kulikuwa na picha ukutani ambazo mtoto hakuuliza ni za nani. Kulikuwa na majina ambayo mtu mzima akiyataja, mwenzake alitoka nje kwenda kuangalia kama mvua inakuja. Vifo vya kwenye kaseti ndivyo pekee nilivyoruhusiwa kuviuliza, nami niliuliza mpaka Baba akachoka.

"Mbona huyu hakufunga mkanda?"

"Zamani walikataa, Zura. Walisema heri kurushwa nje kuliko kunaswa ndani gari likiwaka moto."

"Wakarushwa?"

"Wakarushwa."

"Na wale watu wa pembeni?"

"Walikaa hapo hapo, kama wako harusini. Kilichowatenga na magari ni marobota ya majani makavu. Gari likija juu yao, majani yatazuia nini?"

Kisha alisimamisha picha na kunionyesha kwa kidole chenye alama za sindano. Huyu aliungua kwa sababu tangi la mafuta lilikuwa halina kinga, ndiyo maana leo matangi yanatengenezwa kwa namna nyingine. Huyu alikufa kwa kuvunjika shingo, ndiyo maana leo wanavaa kitu cha kushika shingo. Pale watu walipigwa na gurudumu lililochomoka, ndiyo maana leo kuna uzio mrefu. Sauti yake haikuwa ya mtu anayefurahia misiba. Miaka mingi baadaye nilielewa alichokuwa akikipenda. Alikipenda kile cha baada. Kule kwenye kaseti, mtu alipokufa, kuna mwingine aliyekaa akauliza kwa nini, kisha akabadilisha kitu ili wa nyuma yake aishi. Baba alihitaji kuamini kwamba mahali fulani duniani mambo yanakwenda hivyo.

Mimi lakini nilikuwa nikitazama kitu kingine. Niligundua watu ambao Baba hakuwataja. Walivaa rangi ya chungwa. Gari likibiringika, picha ikihama, hao wapo tayari. Moshi ukipanda, hao wapo. Machela ikitolewa, wao ndio wameishika. Mbio zikienda vizuri sikuwaona hata mmoja. Ajali ikitokea, wamejaa. Mtoto ana akili yake ya kujumlisha, nami nilijumlisha: hao ndio wanaozileta. Wanakaa wamejificha pembeni, wanachagua gari, kisha wanatoka kuja kuchukua walichokiua. Sikumwambia mtu. Nilianza kuziba macho kila nilipoiona rangi ile, na Baba akadhani naogopa moto.

Sasa, nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa mwanamke aliyeitwa Domitila, sote tukimwita Shangazi Domi ingawa hakuwa ndugu yetu. Alizaliwa ukimbizini Tanzania, upande wa Ngara, akarudi na Kiswahili kilichonyooka hata Baba akawa anamtania kwamba anaongea kama redio. Alikuwa karani katika ofisi moja Kacyiru. Hakuwa na mtoto, na nadhani kwa sababu hiyo niligeuka kuwa wake kidogo: alinisuka nywele, alinifundisha kusoma saa, alinipa ukoko wa wali wa nazi ambao kwake ulikuwa mtamu kuliko wali wenyewe.

Halafu siku moja nilimkuta uani kwake akianika kizibao. Cha rangi ya chungwa. Kina mistari inayong'aa, na filimbi imening'inia kwenye zipu.

"Shangazi, hicho cha nani?"

"Changu. Nimejitolea kusaidia siku ya mbio za magari. Napendeza?" Akakishika kifuani, akageuka kama bibi harusi.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Kandambili moja niliiacha kwake.

Mbio zenyewe zilikuwa za barabara za vumbi, kwenye vilima vya pembeni ya mji. Mteja wa Baba alitupa nafasi nyuma ya pikapu, na Baba alivaa shati la Idi. Wenyeji wa kilima tulichofikia walikuwa wametuandalia makubwa. Jumamosi ya umuganda, siku ya kazi za pamoja, badala ya kuzibua mifereji tu, walichukua majembe wakachonga ngazi kwenye ukingo wa udongo, safu juu ya safu, zikatazamana na barabara. Walizitandika majani ya migomba ili wageni wasichafue nguo. Nyuma yake palikuwa na mikaratusi ya kivuli. Sijawahi kuona ukarimu wa namna ile. Walikuwa wamezichonga kwenye kona, upande wa nje, pale ambapo gari linateremka likikutazama usoni.

Mkuu wa mudugudu, yaani kijiji kile, Mzee Gaspari, alitupokea kwa mikono miwili. "Karibuni, karibuni! Watoto wapite mbele, wasizibwe na wakubwa."

Ndivyo tulivyolelewa sote, si kweli? Watoto mbele. Tukaketi safu ya chini kabisa, miguu ikining'inia juu ya barabara. Baba alikaa nyuma yangu tu, amenishika mabega, na tayari alikuwa akiwasimulia wenyeji habari za mbio. Aliwaambia wamechagua sawasawa. Kwenye kaseti zake, picha zote nzuri zilipigwa kutoka kona kama hii, gari likija moja kwa moja.

Nikaiona rangi ile kwa mbali, ikishuka kilima, na kamba ndefu begani.

Maneno yaliyofuata mengi yalikuwa ya Kinyarwanda. Nayaandika kama Baba alivyokuja kunisimulia, mara nyingi, mpaka yakawa yangu.

"Nani amewapa mahali hapa?" Shangazi Domi aliuliza baada ya kuwasalimu.

"Tumejipa wenyewe, mama. Kilima ni chetu. Tumechimba asubuhi nzima."

"Mmechimba vizuri kabisa. Lakini upande ndio mbaya. Naomba wote mvuke, mpande ule ukingo wa ndani, juu."

Kijana mmoja akapaza sauti: "Muoneni, amekuja na kamba! Anataka kutufunga kama mbuzi wa sokoni!" Watu wakacheka. Mwingine akasema kule juu wataona paa za magari tu.

"Paa zinatosha," alisema. "Ninyi mnataka kuona mpaka soksi za dereva?"

Kicheko kilikuwa chake safari hiyo, ila hakuna aliyeinuka. Akamgeukia Mzee Gaspari, akashusha sauti. "Mzee, una ng'ombe?"

"Ninao."

"Wakishtuka wakateremka mbio njia hii, wakifika hapa wanageuka?"

Mzee alitazama barabara kutoka juu ilikoanzia mpaka chini kwenye kona. Alitazama muda mrefu. Watu wa pale walikuwa wamefuga tangu babu zao, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. "Hawageuki," alisema.

"Wanakwenda wapi?"

Mzee alitazama safu ya chini, miguu yetu inayobembea. Kisha akanyanyua fimbo na kutuswaga kama kuku: "Watoto, haya, haya, juu kule! Yewe, mwondoe huyo mdogo! Juu!" Na kilima kizima kikaanza kuhama, kikinung'unika, kikibeba majani yake ya migomba.

Baba hakuhama. Alikuwa amewahakikishia watu, na sasa jirani yake alikuwa akimwumbua mbele yao.

"Domi, acha hiyo Kiswahili ya ofisi. Leo iko siku ya furaha. Mimi na mtoto tuko sawa hapa."

"Asumani, magari yanaanza sasa hivi."

"Mimi najua hii mambo kabla yako. Nimeangalia miaka."

"Umeangalia. Na aliyepiga hizo picha, unajua kama alirudi nyumbani?" Akasubiri. Baba akanikaza mabega. "Haya. Wewe ni mtu mzima, baki. Huyu nipe."

Akanyoosha mkono, akanishika.

Sijui nieleze vipi hofu ile. Wale watu nilikuwa nimewazibia macho miezi mingi, na sasa mmoja wao amenishika, tena yule aliyenisuka nywele. Nililia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilimwuma mkono. Hakuniachia. Alinibeba kwapani kama mkungu wa ndizi, akavuka barabara, akaanza kupanda ukingo wa ndani huku nikimpiga mateke, na Baba, aliyegoma kuondoka kwa ajili ya uhai wake, aliruka kutoka kwenye ngazi kwa ajili ya machozi yangu. Alikuja nyuma yetu akifoka. "Domi! Domitila! Mwache mtoto wangu! Wewe ni nani?"

Walikuwa bado wanagombana, kidole cha Baba kiko usoni kwake, tuliposikia mlio. Ulianza kama kitambaa kinachochanwa mbali, kisha ukawa ngurumo. Gari la kwanza likapita, vumbi likatufunika, watu wakashangilia. La pili likapita. La tatu liliteremka kama yale mengine, likageuza pua, lakini mkia ukakataa. Halikupiga kelele. Liliteleza tu, ubavu mbele, polepole kwa jinsi ninavyolikumbuka, likapanda zile ngazi kuanzia safu ya chini, likazichana zote, na kuingia kwenye mikaratusi.

Matawi yakavunjika. Halafu kimya, na ile harufu.

Watu wote walirudi nyuma. Mmoja tu ndiye aliyeteremka mbio kuelekea kule, na alikuwa amevaa rangi ya chungwa. Filimbi mdomoni, mtungi wa kuzimia moto mkononi. Nilimwona akiingiza kichwa kwenye dirisha lenye moshi. Kisha mlango ukasukumwa, akatoka dereva, halafu na yule mwenzake anayemsomea njia, wamevaa kofia zao, wamejaa vumbi, wazima. Yale mabomba ya chuma yaliyozunguka ndani ya gari yalikuwa yamekataa kubonyea, na mikanda iliwashika vitini. Dereva aliketi chini akaomba maji. Mama mmoja mwenyeji alimletea ya kunywa, kisha akashindwa kujizuia, akamshika mashavu kama mtoto. "Yampayinka," alirudia, "yampayinka," kama mtu aliyeona muujiza na hana neno lingine.

Baba alikuwa bado amenyoosha kidole. Alikitazama, akakikunja. Akaketi kwenye nyasi, akanivuta mapajani, na nikasikia moyo wake ukipiga mgongoni kwangu mpaka tulipopanda pikapu.

Mnadhani nilielewa? Sikuelewa. Hesabu yangu ilikuwa imetimia. Tulikaa vizuri, hakuna baya, akaja mtu wa rangi ya chungwa, gari likaanguka. Siku zilizofuata nilipita njia ya nyuma ili nisipite kwake. Alipotuma ukoko wa wali nilimpa paka.

Baba naye hakumsemesha. Si kwa hasira. Alikuwa hajui aanzie wapi. Mwishowe alianza kwa njia aliyoijua. Zipu ya kile kizibao ilikuwa imekatika siku ile, nadhani kwa mateke yangu. Alikwenda kukiomba, akakirudisha kazini, akakifumua chote. Akaweka zipu nene ya viti vya magari, akashona mifuko yenye vifuniko, akaweka bitana begani pale kamba ilipokuwa ikimkwaruza. Ilimchukua muda kuliko kiti cha basi. Kisha akakikunja. "Mpelekee Shangazi."

Nilikibeba kwenye ncha ya fimbo, mkono nimeunyoosha, kama mtu anayetoa nyoka nje. Shangazi Domi aliniona nikiingia uani hivyo, akaweka ufagio chini.

"Zura, njoo. Mbona unanikimbia? Nilikuumiza?"

"Hapana."

"Basi?"

"Ukivaa hiki, gari linaanguka."

Alicheka. Alicheka mpaka akatafuta kigoda. Nikamwambia yote, kaseti, moshi, machela, na jinsi wanavyojificha. Kadiri nilivyoeleza, kicheko kilimwisha. Alichukua kizibao kutoka kwenye fimbo akakilaza mapajani.

"Nilipokuwa mkubwa kukuzidi kidogo," alisema, "magari ya mbio yalipita karibu na tulikokuwa tunaishi. Wote tulikwenda barabarani. Mdogo wangu Faustini alikuwa mfupi. Watu wakasema, mpitisheni mbele huyo, aone. Walikuwa watu wema. Mimi nilikuwa na mtoto wa jirani mgongoni, nikabaki nyuma." Alifungua zipu mpya, akaifunga. "Siku ile hakukuwa na mtu yeyote mwenye rangi hii. Hata mmoja, Zura. Na gari lilianguka."

Nilisimama pale. Nilihisi hesabu yangu ikifumuka, uzi mmoja mmoja, kama kiti kwenye meza ya Baba.

"Kwa hiyo gari linaanguka tu? Hata wasipokuja?"

"Linaanguka tu."

"Sasa wao wanakuja kufanya nini?"

"Kukuuma wewe mkono," alisema, akanionyesha alama ya meno yangu kwenye wa kwake. "Hapana, samahani, wewe ndiye uliyeniuma."

Jioni ile nilimwomba Baba aweke kaseti, nikatazama bila kuziba macho. Gari likabiringika, moshi ukapanda, watu wakakimbia kuja upande wetu, wote. Na dhidi ya mkondo huo wote, vijitu vidogo vya rangi ya chungwa vikakimbia kwenda kule kwenye moto. Baba alisahau kutangaza. Nilitazama picha ile ile ambayo nilikuwa nimeiona mara nyingi, na ilikuwa picha nyingine kabisa.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza kila kitu kimefika vipi pale kilipo. Uzio huu, nani alianguka? Alama hii ya barabara, ni ya kilio gani? Madereva wa malori Rusumo walinicheka kwa kuwauliza mikanda yao iko wapi, lakini walifunga, wengine kwa kuninyamazisha tu. Kila nilipompigia simu Shangazi Domi kutoka mji wowote, hakuanza kuniuliza kazi wala mume. "Umekaa upande gani wa basi?" aliuliza. Baba alifariki mzee, kitandani kwake, akiwa amefika miaka ambayo kona ile ilitaka kumnyima. Hiyo miaka yote naiona kama zawadi iliyotushukia kupitia mwanamke aliyebeba mtoto mwenye mateke, na kupitia mtoto mwingine aitwaye Faustini ambaye sikuwahi kumwona. Na sikuwahi kusema asante. Kwetu ilisemwa kwa zipu, tukaona imetosha.

Basi siku ile ya Kacyiru, nilipomaliza kunusa, nilimwambia motari tugeuze, tuelekee Remera. Shangazi Domi amestaafu, anakaa karibu na Gisimenti, na alasiri hupenda kuketi kwenye mgahawa wa pale akinywa chai ya maziwa. Nilimkuta mezani, miguu imevimba kidogo, nywele zote nyeupe. Nikavuta kiti nikakaa karibu naye, mgongo wangu kwenye barabara. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima.

"Shangazi, nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi tena?"

"Kwa ile kona."

Alipapasa alama ndogo kwenye mkono wake, ambayo sasa imepotelea katika makunyanzi, nikaona macho yake yamejaa. Nikadhani atasema jambo. Alitazama nyuma yangu, pikipiki zinavyopita, akatazama miguu ya kiti changu, na uso wake ukawa ule ule wa siku ile.

"Kiti chako kimetokeza njiani," alisema. "Sogea ndani."

Nikasogea.